Nai–Msa: Dakika 45 na Extra Time Mob

Juzi beshte yangu wa Umoja alipost bawa la ndege, caption "45 mins to Msa", base yote ikanyamaza. Dakika 45! Hiyo ni first half tu. Refa akipuliza, wewe uko kwa madafu.

Sasa skia. Hiyo kitu nimeipanda. Wacha nikupe yenye hawapostingi.

Hewani hawadanganyi. JKIA hadi Moi International ni kama kilomita 420; lami ya Nai hadi Msa ni kama 480. Ndege ikiachana na chini, dakika 45 hivi inatafuta pa kukanyaga. Kaa dirisha la kulia, Kili inatokea juu ya mawingu ikijishow. Hapo sina ubishi.

Shida ni warm-up. Flight ni saa moja asubuhi, so saa kumi niko Outering, giza totoro, nangoja mat na bag ya mathe yenye zip ilidedi. Kwa geti ya airport mnashushwa wote, mnapimwa, mnapandishwa tena. Ndani, toa mshipi, toa njumu. Soksi yangu ina tobo. Kidole kikasalimia queue yote. Manzi wa nyuma akacheka, na si ile cheko ya kukupea namba.

Kahawa soo nne. Msee, hizo ni smokie kumi na kachumbari! Halafu ndege ika-delay. Extra time kabla ya first half, umewahi ona? Juu huko wakanipea juice, sijameza mara mbili cup ishachukuliwa.

Tukashuka na hudi yangu ya luku. Nai iko mita 1,600 na kitu juu, Msa iko kwa bahari yenyewe. Kutoka kwa mlango hadi chini ya ngazi nilikuwa nimeiva. Kumbe pia hujafika: airport iko Port Reitz, tuktuk inajipanga nyuma ya trela za bandari pale Changamwe, na mimi naenda Diani kupitia feri ya Likoni, so bado. Mchanga niliugusa saa tano kasoro. Toka saa kumi, hesabu mwenyewe.

Treni ya SGR nayo, toka 2017, ni masaa kama tano, economy thao moja soo tano tangu bei ipande 2024. Lakini pia Syokimau unafika mapema, mnapanga mabag chini mbwa anazinusa moja moja. Angalau Tsavo unaona ndovu bure.

Buda yangu naye: "Sisi tulipanda basi usiku kucha, tukakula mayai Mtito Andei." Buda, relax, hiyo si CV.

Ukiwa na doh, panda ndege, hatukatai. Lakini picha ya bawa wacha. Tushaiona, na ni lile lile.