Mota ya Pampu Ikisukwa Upya

Wakulima wengi huvuta maji ya shamba kwa pampu ya stima. Mota ikitoa moshi na harufu ya kuungua, si lazima kuitupa. Fundi huweza kuisuka upya. Lakini kazi hii ikifanywa ovyo huweza kuua mtu. Basi yajue mambo haya kabla hujalipa.

Ndani ya mota mna waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi katika mifuo ya chuma. Ukiutazama utadhani ni shaba tupu, kumbe umepakwa vanishi nyembamba inayozuia stima isiruke kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine. Vanishi hiyo ikichubuka, mizunguko hugusana na mota huungua.

Kwanza, fundi ahesabu mizunguko ya koili za zamani na kupima unene wa waya kabla ya kuzitupa. Mizunguko ikipungua, mota huvuta stima kupita kiasi. Waya ukiwa mwembamba, hupata joto. Tena asiichome mota kwa moto mkali ili kutoa waya wa zamani, kwa maana moto huharibu mabamba ya chuma.

Pili, kila mfuo utandikwe karatasi ya kuzuia stima, itokeze kidogo pande zote mbili, kwa kuwa ukingo wa chuma hukwaruza waya.

Tatu, koili zifungwe kwa uzi, zitiwe vanishi, kisha zikaushwe katika tanuri. Hapo waya hautatikisika, wala unyevu hautaingia upesi.

Usiipokee mota kwa kuiona inazunguka tu. Mwambie fundi aipime mbele yako kwa mega ya volti 500, ncha moja kwenye koili, nyingine kwenye chuma cha mota. Kipimo kikiwa chini ya megaomu 1, mrudishie.

Mwisho, usisahau waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na manjano. Ufungwe imara kwenye chuma cha mota. Tena weka swichi ya usalama inayokata stima ikivuja miliampia 30. Stima ya volti 240 haina huruma kwa mtu aliyesimama matopeni bila viatu. Fundi rahisi asikugharimu maisha.