Kuisoma Pombe Bila Kuionja

Ethanoli na methanoli hutofautiana kwa kaboni moja na haidrojeni mbili tu. Zote ni vimiminika visivyo na rangi, zote huwaka, zote hunukia kileo, na zikishachanganywa na maji hakuna jicho la kuzitenganisha. Ya kwanza ndiyo kilevi tunachokijua. Ya pili ikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa asidi ya fomiki, nayo asidi hiyo hushambulia mishipa ya fahamu ya macho. Mei 2014 nchini Kenya watu wengi walikufa, na wengine wakapofuka, kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Kila habari za namna hiyo zinapotangazwa, watu huuliza: wataalamu wamejuaje kilichomo?

Mara nyingi jibu ni kromatografia ya gesi, na maabara nyingi huishia hapo. Lakini zipo njia mbili ambazo kwangu zinavutia zaidi, kwa sababu huisoma molekuli yenyewe: moja kwa mwanga, nyingine kwa sumaku na mawimbi ya redio. Ajabu yake ni kwamba kila moja hutegemea ishara hafifu mno, masalio ambayo mtu asiye na subira angeyapuuza.

Elekeza leza kwenye chupa ya kinywaji cheupe. Karibu mwanga wote unaotawanyika hutoka na rangi ile ile uliyoingia nayo. Takribani fotoni moja katika milioni kumi ndiyo hutoka imebadilika: imeiachia molekuli sehemu ya nishati yake, molekuli imeanza kutetema, na fotoni imesogea kidogo kuelekea upande wa rangi nyekundu. Mara chache zaidi hutokea kinyume chake, pale molekuli iliyokuwa tayari ikitetema inapoiongezea fotoni nishati.

Aliyelipa jambo hili jina ni Mhindi C.V. Raman. Mwaka 1921, akirejea nyumbani kwa meli kutoka Uingereza, alijiuliza kwa nini Bahari ya Mediterania ni ya buluu. Mwanafizikia Rayleigh alikwisha kusema kwamba ni mbingu inayojionyesha majini. Raman alichukua prizimu ya kuzuia mwako unaorudishwa na uso wa maji, akatazama, na buluu ikabaki pale pale. Basi maji yenyewe ndiyo yaliyokuwa yakitawanya mwanga. Utafiti uliofuata ulimfikisha Februari 28, 1928, huko Calcutta, ambapo yeye na K.S. Krishnan waliuthibitisha mwanga uliobadilika rangi. Mwezi huo huo, mjini Moscow, Landsberg na Mandelstam waliona jambo hilo hilo katika fuwele. Tuzo ya Nobel ya 1930 alipewa Raman peke yake, na mpaka leo naona wale wawili walipunjwa. Ikumbukwe pia kwamba kazi hiyo yote ilifanyika kabla ya leza, ambayo ilikuja mwaka 1960. Raman alianza na mwanga wa jua.

Rangi iliyosogea inatueleza nini? Inatueleza vifungo. Atomi mbili zilizofungamana hutetema kama uzi wa udi: uzi mnene hutoa sauti nzito, uliokazwa hutoa sauti nyembamba. Vivyo hivyo uzito wa atomi na ugumu wa kifungo ndivyo vinavyoamua kasi ya mtetemo. Wataalamu hupima msogeo huo kwa idadi ya mawimbi katika kila sentimita. Ethanoli ina mstari mkali karibu na 880, methanoli karibu na 1030. Ethanoli nayo ina mistari midogo zaidi jirani na 1050, kwa hiyo mpimaji hawezi kuridhika na mstari mmoja. Lazima alinganishe urefu wa mistari yote.

Uzuri wa njia ya Raman ni kwamba leza hupenya kioo, na maji, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kinywaji, hutoa ishara dhaifu sana ya aina hii. Kifaa cha kushika mkononi kinaweza kupima chupa ambayo haijafunguliwa. Kasoro yake huonekana kwenye vinywaji vyenye rangi ya kahawia: vitu vinavyovipa rangi humeza leza kisha hutoa mng'ao wao wenyewe, na ile fotoni moja katika milioni kumi huzama humo.

Njia ya pili ni rezonansi ya sumaku ya nyuklia, kwa kifupi NMR. Neno nyuklia lisimtishe mtu: hapa hamna mionzi ya kuunguza, na ni fizikia hii hii inayoendesha mashine za MRI hospitalini. Kiini cha haidrojeni, yaani protoni moja, ni sumaku ndogo. Kikiwekwa ndani ya uga mkubwa wa sumaku huwa na hali mbili tu: kuelekea upande wa uga au kinyume chake. Ungedhani karibu vyote vitaufuata uga. La! Katika mashine ya tesla 9.4, ambayo uga wake ni zaidi ya mara laki mbili ya ule wa dunia uliopo Afrika Mashariki, katika kila protoni milioni moja zilizoufuata uga huzizidi nyingine kwa takribani 32 tu. Ziada hiyo ndiyo inayotoa ishara.

Ziada hiyo hupigwa na wimbi la redio lenye masafa yanayolingana nayo. Kwa protoni ni megaherzi 42.58 kwa kila tesla, yaani 400 katika mashine hiyo. Kwenye uga wa tesla 2.35 ingekuwa 100, katikati kabisa ya redio za FM. Wimbi likizimwa, protoni hutoa mlio wao wenyewe, unaofifia ndani ya sekunde chache, na kompyuta huuchambua. Bloch na Purcell, waliofanya kazi kila mmoja kivyake huko Marekani, walitangaza kuipata ishara ya NMR mwaka 1946, wakagawana Nobel ya 1952.

Kama protoni zote zingelia kwa sauti moja, mkemia asingekuwa na la kufanya na kifaa hiki. Lakini elektroni zinazozunguka kila kiini hukikinga kidogo na uga, na kinga hiyo hutegemea majirani. Protoni iliyo karibu na oksijeni hupata kinga pungufu, maana oksijeni huvuta elektroni kwake. Mwaka 1951 watafiti wa Stanford walipima ethanoli wakapata vilele vitatu vyenye ukubwa wa 3:2:1: haidrojeni tatu za kaboni ya mwisho, mbili za kaboni iliyoshika oksijeni, na moja ya oksijeni yenyewe. Kwangu mimi hiki ni miongoni mwa vielelezo vizuri kuliko vyote katika kemia, kwani muundo ambao wakemia wa karne ya 19 waliukisia kwa hoja ulijichora wenyewe kwenye karatasi.

Vifaa vya leo huonyesha zaidi. Kilele cha zile tatu hugawanyika mara tatu kwa sababu ya majirani wake wawili, na cha zile mbili hugawanyika mara nne kwa sababu ya majirani watatu. Methanoli haina kaboni jirani, hivyo ndani ya pombe yenye maji haidrojeni zake tatu hutoa mstari mmoja mkavu. Kwa kipimo cha sehemu kwa milioni ya masafa ya mashine, mstari huo huwa karibu na 3.35, na fungu la mistari minne ya ethanoli karibu na 3.65. Maji hutoa kilele kikubwa mno ambacho lazima kizimwe kwanza kwa ufundi wa mawimbi. Kisha eneo chini ya kila kilele huhesabu protoni, kwa hiyo mtu husoma kiasi cha sumu papo hapo.

Gharama ndiyo kikwazo. Sumaku kubwa huhitaji heliamu ya kimiminika, baridi kama nyuzi 269 chini ya sifuri, na heliamu hiyo hugeuka mvuke kila siku. Siku hizi zipo mashine za mezani zenye sumaku za kudumu, za megaherzi 60 hadi 100, zisizohitaji heliamu. Ila uga ukipungua, mistari husogeleana: umbali kati ya 3.35 na 3.65 ukihesabiwa kwa herzi ni takribani 120 kwenye mashine ya 400, na 18 tu kwenye ile ya 60. Hapo ndipo mkia wa ethanoli, iliyo nyingi, huanza kuufunika mstari wa methanoli kidogo.