Mtihani wa Serikali na amani katika jamaa zetu



Matokeo ya Mtihani wa Serikali yakitangazwa, vijana wanamwagiana poda nyeupe na mama wanapiga vigelegele. Kwa jirani mlango umefungwa: kijana wao ameanguka, ao hakufanya mtihani kabisa. Sisi tunaofanya kazi ya upatanishi tumeona kwamba mlango ule unatuhusu sote.

Mtihani huu ulianza mwaka 1967. Wanafunzi wa inchi nzima wanaufanya siku zile zile. Kwanza kuna insha ya Kifaransa na maswali ya mdomo, kisha siku nne za mtihani wenyewe. Asiyefikia asilimia 50 hapati diploma, na bila diploma haingii chuo kikuu. Kusudi ni zuri: mtoto wa Kinshasa na wa Masisi wapimwe kwa kipimo kimoja.

Lakini kipimo ni kimoja, njia si moja. Januari 2025 vita vilipofika Goma, familia nyingi za kambini zilitawanyika tena. Bulletini zilipotea, na bila bulletini kuandikishwa ni shida. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini gharama za sekondari bado zinaelemea wazazi.

Tena, mtihani ukibeba maisha yote, rushwa inapata nafasi. Mwenye pesa analipa, maskini anabaki na uchungu. Kuna walimu wanaokaririsha maswali ya zamani tu. Na kijana aliyeanguka, akiitwa mjinga nyumbani, anamsikiliza upesi yule anayemwita porini.

Tufanye nini?

- Wazazi: mufunge bulletini na vyeti vya kuzaliwa ndani ya plastiki. Muvipige picha pia kwa simu.
- Viongozi: tangu mwanzo wa mwaka wa masomo, muandike wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wenyeji na wakimbizi, kwenye orodha moja. Muipeleke pamoja kwa ofisi ya elimu.
- Jamaa zinazopokea: taa moja inaangazia watoto wawili. Waliosoma pamoja hawachukiani kwa urahisi.
- Sote: aliyeanguka anaweza kurudia mwaka unaofuata. Kushona, useremala na kulima ni kazi za heshima pia.

Siku poda itakapomwagwa tena, tupige hodi kwenye ule mlango uliofungwa.