Plastiki Inayokumbuka: Kweli au Si Kweli?

Pita kwa fundi wa umeme Likoni umwone akiunganisha waya. Huvisha kiungo kimpira cheusi cha plastiki, akakipitisha juu ya kiberiti cha gesi, na mara kimpira kinajibana kikashika barabara. Kimejuaje umbo la kurudia?

“Plastiki ikipata moto hulainika tu.”
SI KWELI. Kiwandani, kimpira kile kilikuwa chembamba. Minyororo ya molekuli zake ilifungwa pamoja kwa miale au kemikali, kikapashwa moto, kikatanuliwa, kikapozwa kingali wazi. Fuwele zilizoganda ndani ndizo zilizokizuia kisijibane. Fundi akiziyeyusha, minyororo hujivuta na kurudi ilikotoka.

“Kikipoa, hutanuka tena.”
SI KWELI. Safari yake ni moja. Zipo plastiki za kwenda na kurudi: mwaka 2013, Andreas Lendlein na wenzake nchini Ujerumani walieleza moja ya jamii ya EVA, plastiki ambayo povu lake hutengenezewa soli za champali. Siri yao ni kutoyeyusha fuwele zote. Zinazobaki ngumu huwa kiunzi. Zinazoyeyuka na kuganda tena ndizo zinazovuta na kulegeza, kama musuli.

“Misuli ya plastiki haitengenezeki ila kwa vitu vya ghali.”
SI KWELI. Mwaka 2014, Ray Baughman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas, Dallas, walisokota mshipi wa nailoni, huu huu wa kuvulia samaki, hadi ukajiviringa kama springi. Ukipashwa moto hufupika, ukipoa hurefuka, nao huinua mzigo mara 100 ya ule unaoinuliwa na musuli wa binadamu wenye urefu na uzito sawa. Hapa hakuna fuwele za kuyeyusha: nailoni iliyonyooshwa hunywea kwa urefu na kuvimba kwa upana, na msokoto hukuza mwendo huo.

“Jua la Kisauni litatosha kuendesha plastiki hizi.”
SI KWELI kwa kimpira cha fundi. Hicho kwa kawaida hungoja nyuzi 90 za Selsiasi au zaidi. Shida yetu ni ya upande wa pili. Musuli unaoendeshwa kwa joto haurudi mpaka upoe, na ndani ya banda la mabati Changamwe, saa saba mchana, kupoa kunachukua muda wake. Atakayeunda mkono wa roboti wa kufanya kazi huku na aanze na feni, moto baadaye.