"Pepa" si Karatasi: Lugha na Ushahidi wa Maabara Kibera na Kawangware

Makala haya yananuia kueleza mbinu chache za msingi za maabara ya jinai, hususan katika makosa ya kujamiiana, na kuonyesha kwamba mbinu hizo huanza kabla ya maabara, katika maneno anayoambiwa mwathiriwa.

Tangu Edmond Locard aanzishe maabara ya polisi mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1910, taaluma hii imejengwa juu ya wazo kwamba wawili wakigusana, kila mmoja humwachia mwenziwe kitu: unywele, uzi, mate, damu. Katika baadhi yavyo mna vinasaba, ambavyo magazeti yetu huviita DNA tu. Nchini Kenya, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 huiruhusu mahakama kuamuru mshtakiwa atolewe sampuli ili zilinganishwe na zilizopatikana kwa mwathiriwa.

Lakini hakuna mtambo unaosoma kilichooza. Penye unyevu na joto, bakteria na ukungu hustawi na kuviharibu vinasaba. Kwa hiyo nguo yenye doa haifuliwi. Ikiwa imelowa huachwa ikauke kivulini, kisha hutiwa katika mfuko wa karatasi unaopitisha hewa. Plastiki huufungia unyevu ndani.

Hapa ndipo mwanaisimu anapohusika. Katika mazungumzo ya mitaa kama Kibera na Kawangware, "pepa", na mara nyingi "karatasi" yenyewe, ni juala la plastiki! Serikali ilipiga marufuku mifuko hiyo mwezi Agosti 2017, ila jina halikupigwa marufuku pamoja nayo. Mama akiambiwa "tia nguo kwenye karatasi" huenda akatii amri na kuuharibu ushahidi kwa mkupuo mmoja. "Bahasha ya kaki" haina utata huo.

Vivyo hivyo "usioge". Aliyebakwa hutamani maji kabla ya kitu kingine chochote. Katazo lisilo na sababu husikika kama ukatili. Aelezwe kwamba hospitali ndiyo ya kwanza, aghalabu ndani ya saa 72, kwani hata dawa za kuzuia VVU sharti zianzwe katika muda huo.

Yasalia makabidhiano. Daktari, askari na mkemia, kila mmoja hutia sahihi anapopokea sampuli. Pengo likitokea, wakili wa utetezi atauliza bahasha ililala wapi. Wapo wanaouita utaratibu huu "mnyororo wa ulinzi", jina linalomfanya msikilizaji awaze bawabu na lango. Tunapendekeza "mfululizo wa makabidhiano".