Simu janja Magole: programu na vifaa vitakavyokufaa umeme ukikatika na bando likiisha

Msikilizaji wetu, swali mnalotuuliza mara kwa mara ni hili: nimenunua simu janja, niweke nini ndani yake? Wengine mnauliza kuhusu pawabanki zinazouzwa gulioni, wengine kuhusu programu ambayo kijana wa mtaani amekuwekea na hujui inafanya nini. Makala haya ni jibu letu.

Programu zipo nyingi mno, na maelezo yake mengi yameandikwa kwa ajili ya mtu wa mjini mwenye umeme wa uhakika na intaneti muda wote. Sisi tumepima kila kitu kwa swali moja: je, kitanisaidia siku ambayo umeme umekatika, bando limeisha na mtandao unasuasua?

Kwa mtu wa Magole, swali hilo si la kubuni. Januari 2014 mafuriko yaliingia Magole, Dumila na vijiji vya jirani hapa wilayani Kilosa. Daraja la Mto Mkundi pale Dumila liliharibiwa, barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma ikakatika, na maelfu ya watu wakakosa makazi. Miaka minne kabla ya hapo, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mto Mkondoa ulifurika Kilosa na kuharibu reli ya kati. Maji yanayotufikia huku bondeni yanaweza kuanzia mbali, kwenye nchi ya juu, hata kama kwetu mvua haijanyesha. Kwa hiyo simu inayopata taarifa mapema ina thamani kuliko simu yenye kamera tatu.

Redio ya FM na waya wa masikioni

Tunaanza na hiki kwa sababu ndicho cha bei ndogo kuliko vyote. Simu nyingi za Android zina redio ya FM ndani yake. Redio hiyo haitumii bando hata kidogo, wala haihitaji laini ya simu. Inanasa mawimbi moja kwa moja kutoka kwenye mnara wa redio, sawa na redio ya mkulima.

Wengi hufungua programu hiyo, wakaambiwa wachomeke spika za masikioni, wakadhani simu imeharibika. Haijaharibika. Waya wa spika za masikioni ndio antena yake. Ukishauchomeka, unaweza kubonyeza alama ya spika na familia nzima ikasikia. Spika zisizo na waya hazifanyi kazi hiyo, hata ziwe za bei gani.

Kusikiliza redio kwa njia ya intaneti ni jambo jingine. Saa moja hula takriban MB 30 hadi 60, kutegemea ubora wa sauti, na ukiwa hewani namna hiyo unategemea mnara wa simu ulio karibu. Mnara huo nao unahitaji umeme au betri. Mnara wa redio unaweza kuwa makumi ya kilomita kutoka hapo ulipo na bado ukakufikia. Ndiyo maana wakati wa mafuriko redio inaweza kuendelea kusikika huku simu hazipigiki.

Ukienda kununua simu, chukua spika zako za waya. Mwombe muuzaji ufungue redio palepale dukani na utafute kituo. Baadhi ya simu mpya hazina FM kabisa, na iPhone haina. Kabla ya kulipa, bonyeza pia *#06# upate namba ya utambulisho wa simu, yenye tarakimu 15, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Huduma hiyo ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, itakujibu simu hiyo ni ya aina gani. Jibu lisipofanana na simu uliyoshika mkononi, acha.

Pawabanki, sola na hesabu zake

Pawabanki hupimwa kwa mAh. Namba ikiwa kubwa, inatunza chaji nyingi. Lakini usidhani pawabanki ya mAh 10,000 itajaza mara mbili simu yenye betri ya mAh 5,000. Sehemu ya nguvu hupotea njiani kwa joto na kwa kubadilisha kiwango cha umeme. Tegemea kuijaza mara moja na kidogo zaidi. Ukiambiwa kwamba kifaa chepesi kama kiberiti kina mAh 50,000, jua namba hiyo imeandikwa kwenye boksi tu. Betri ya kweli ina uzito.

Zipo pawabanki zenye kipande cha sola mgongoni, na wengi huzipenda. Hesabu yake ni hii: kipande kile kidogo hutoa takriban wati moja jua likiwa kali. Kujaza pawabanki ya mAh 10,000 kwa wati moja kunachukua karibu wiki nzima ya jua zuri, na siku za mafuriko huwa za mawingu. Tena kuianika betri juani kunaichosha mapema. Heri pawabanki ya kawaida unayoijaza kwenye umeme au kwenye sola ya nyumbani, ukaitunza ikiwa imejaa kipindi chote cha mvua.

Chaji iliyopo nayo inaokolewa. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mtandao ukiwa hafifu, simu hula chaji zaidi kwa sababu inahangaika kuutafuta mnara. Ukikaa mahali pasipo na mtandao, weka simu kwenye hali ya ndege, kisha iwashe kwa dakika chache kila baada ya saa moja. Punguza mwanga wa skrini, zima data, na tuma ujumbe mfupi badala ya kupiga. Ujumbe mfupi hupita hata pale simu ya sauti inapokwama.

Programu za shambani

Kwa wakulima wa mahindi na mihogo tunaipendekeza PlantVillage Nuru. Ni ya bure, inazungumza Kiswahili, na ukishaipakua kwa bando mara moja inafanya kazi shambani bila intaneti. Unaelekeza kamera kwenye jani, nayo inakuambia kama inaona batobato au michirizi ya kahawia kwenye muhogo, au dalili za viwavijeshi vamizi kwenye mahindi. Si programu iliyotoka mbali isiyojua mashamba yetu: picha za mihogo zilizotumika kuifundisha zilipigwa hapa Tanzania, kwenye mashamba ya utafiti karibu na Bagamoyo.

Ina mipaka yake. Pima majani kadhaa ya mmea, si jani moja. Michirizi ya kahawia inaweza kuwa imeshaozesha mizizi huku majani yanaonyesha dalili kidogo sana. Na kwa mpunga, vitunguu au nyanya, usiitegemee. Jibu la simu mpelekee afisa ugani wa kata kabla hujanunua dawa.

Kifaa kingine cha shambani tayari kimo ndani ya simu yako, nacho ni GPS. Inasoma ishara za satelaiti, kwa hiyo haihitaji bando. Zipo programu za kupima eneo ambapo unazunguka mipaka ya shamba kwa miguu na simu inakokotoa ukubwa wake. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Mkodishaji akikupimia hatua 70 kwa 70, ekari yako inategemea urefu wa miguu yake. Kwa simu unaweza kujua mapema kama unalipia ekari nzima au robo tatu. Lakini simu hukosea kwa mita chache kila upande, na kwenye kishamba kidogo kosa hilo ni kubwa. Itumie kwenye mazungumzo ya bei. Usiitumie kuamua ugomvi wa mpaka.

Tahadhari za hali ya hewa

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa angalizo na tahadhari kwa rangi. Njano ni angalizo: fuatilia taarifa na ujiandae. Rangi ya machungwa ni tahadhari: anza kuchukua hatua. Nyekundu ni tahadhari kubwa: maisha na mali viko hatarini. Taarifa hizo tunazisoma hewani na huwekwa pia kwenye kurasa za TMA mtandaoni.

Picha ya tahadhari ikikufikia kwenye kundi la WhatsApp, tazama tarehe kwanza. Picha za mwaka uliopita husambazwa upya kila mvua zinapoanza. Isiyo na tarehe usiisambaze.

Fedha kwenye simu

Kampuni za simu zina programu nzuri za kutuma fedha, lakini programu hizo mara nyingi zinahitaji intaneti. Usisahau njia ya zamani ya nyota na reli, kama *150*00# ya M-Pesa. Inahitaji mtandao wa simu tu, haihitaji bando, na inafanya kazi hata kwenye kitochi. Siku simu janja ikizima, unahamishia laini kwenye kitochi cha jirani na fedha yako ipo palepale.

Bonyeza pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha Taifa. Ukiona namba usiyoijua, nenda kwa kampuni husika ifutwe. Na ukipata ule ujumbe wa "hiyo hela itume kwenye namba hii", usijibu. Upeleke namba 15040, kisha utaulizwa namba ya aliyeutuma.

Programu za kuziondoa leo

Zipo programu zinazoahidi mkopo ndani ya dakika tano bila dhamana. Nyingine, unapoziweka, huomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako. Ukichelewa kulipa, ujumbe wa kukuaibisha unakwenda kwa mjomba, kwa mwalimu wa mtoto na kwa kiongozi wa dini. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Na tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo namba za ndugu zako si mali ya mkopeshaji.

Kanuni yetu ni rahisi: programu yoyote ya mkopo inayotaka kusoma majina na picha zako, iondoe. Hata tochi ikiomba kusoma ujumbe wako, iondoe pia. Tochi haina haja na ujumbe wa mtu.

Simu ikiingia maji

Izime mara moja. Usiichaji, usiitikise kwa nguvu, wala usiianike kwenye jiko. Ifute, toa laini, ielekeze tundu la chaji chini na uiache penye hewa kwa siku moja au zaidi. Ule ushauri wa kuifukia kwenye mchele uuache. Apple wenyewe wameonya kwamba chembe za mchele zinaweza kuingia na kuiharibu zaidi. Bora kinga: kifuko cha simu kisichopitisha maji, chenye kufungwa mdomo, ambacho unaweza kukivaa shingoni.

Kabla ya mvua, piga picha za kitambulisho, kadi ya bima, vyeti vya watoto na karatasi za shamba. Ziweke kwenye memori kadi, na nakala mtumie ndugu mmoja unayemwamini anayeishi mbali na mto. Ukiipeleka simu kwa fundi au ukiiuza, toa memori kadi kwanza na ufute picha hizo kwenye simu.

Uanze na kipi?

Kama fedha ni ya kitu kimoja, nunua spika za masikioni zenye waya. Ikiongezeka, nunua kifuko cha kuzuia maji. Pawabanki iwe ya tatu. Kava la kupendeza linaweza kusubiri mavuno.

Kisha fanyeni jaribio moja nyumbani leo usiku. Zima data. Chomoa chaja. Mpe simu mtu ambaye si mwenye nayo, bibi au mtoto wa darasa la tano, na umwambie afanye mambo matatu: atafute kituo cha redio, awashe tochi, na apige namba ya dharura 112 bila kujua namba yako ya kufungulia simu. Hili la tatu mwonyeshe tu kitufe cha dharura kilipo kwenye skrini iliyofungwa, msipige kweli, kwa maana laini hiyo kuna mtu anaihitaji.

Mwishowe andika kwenye karatasi namba tatu za simu: ya mwenyekiti wa kitongoji, ya ndugu aliye mbali na ya jirani mwenye chombo cha usafiri. Ikunje, uitie ndani ya kifuko cha simu. Hiyo haihitaji chaji.