Reli Haipakwi Alizeti

Nimeulizwa tena: "Fundi, treni yetu ndogo ya maonyesho inakwamakwama, tupake mafuta gani kwenye reli?" Hakuna. Si ya alizeti, si ya cherehani, si dizeli.

Najua wazo hilo lilikoanzia. Mtu kaona chuma kinakwaruza chuma, akasema kinataka kulainishwa, na Singida alizeti haikosekani. Lakini treni hiyo inakula umeme wa volti 12 kutoka kwenye reli zenyewe, huku chanya, kule hasi. Magurudumu ndiyo yanayoupokea, kila moja likigusa reli mahali padogo mno. Ukipaka mafuta hapo umeuwekea umeme utando. Tena alizeti ikikaa wazi hewani hunata kama ulimbo, vumbi likatua juu yake, na kesho una ukoko mweusi magurudumuni. Eti "mbona mwanzoni ilitembea?" Ilitembea kwa sababu kitambaa ulichopakia kilifuta uchafu. Mafuta hayakufanya lolote.

Wengine hunijibu kwamba hata treni kubwa hupakiwa grisi. Ndiyo, kwenye kona, ubavuni mwa reli, ili ukingo wa gurudumu usisagike. Juu ya reli hapapakwi grisi. Kichwa cha treni hubeba mchanga wa kumwaga reli zinapoteleza. Mchanga! Nanyi mnaleta mafuta. Msasa nao msinitajie: unaacha mikwaruzo, uchafu unapata pa kulala.

Futeni reli na magurudumu kwa spiriti na kitambaa cha pamba, asubuhi na tena mchana. Tone moja la mafuta mepesi liende kwenye ncha za ekseli, basi. Waya ziingize umeme sehemu kadhaa za reli. Umeme ukikatika, betri ya pikipiki inatosha, ipitie kwenye kidhibiti mwendo na fyuzi, maana treni ikianguka inaunganisha reli mbili na waya zinaungua. Kamba mbele ya meza, watoto wasiguse. Na mkitaka kuonyesha ile njia ya reli ya Manyoni, Singida hadi Kinyangiri, iliyojengwa miaka ya 1930 na kung'olewa miaka ya 1940, upana wake ulikuwa mita moja: kwa kipimo cha 1:87 tafuteni reli ya milimita 12. Ile ya 16.5 iliyomo kwenye seti nyingi inafaa SGR, reli yetu ya kisasa.

Mkishafanya hayo na bado inasimama, niulizeni habari za waya. Za mafuta sijibu tena.